Kwenda Kamituga kutoka Bukavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ni nadra kumpata mtu wa Bukavu asiye na ndugu Kamituga, au asiyemjua mwenye ndugu huko. Hata hivyo wengi hawajawahi kufika, na siku wanapolazimika kwenda, iwe kwa harusi, kwa msiba, kwa biashara au kwa kumtafuta mtu, maswali ni yale yale. Tumeyakusanya hapa. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, tumeonyesha pa kuangalia.

## Mambo ya kwanza

Kamituga iko wapi hasa?

Ni mji wa dhahabu katika teritwari ya Mwenga, jimbo la Kivu Kusini, karibu kilomita 180 kusini-magharibi mwa Bukavu kwa barabara ya taifa namba 2. Uko katika nchi ya Warega, kwenye milima iliyofunikwa na msitu. Barabara ile ile ikiendelea mbele inakupeleka Kitutu, na huko ndiko wanakopita pia wanaoelekea Lugushwa.

Si kijiji. Kamituga ina meya, hospitali kuu ya rufaa, shule za sekondari, makanisa mengi na soko linalojaa kila siku. Anayetarajia kambi ya mahema porini atashangaa.

Nimesikia iko juu milimani. Kuna baridi?

Baridi iko njiani kuliko mjini. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Ukitoka hapo barabara inashika vilima vya Walungu na Burhale, na asubuhi ukungu ni mzito na upepo unapenya koti. Kisha inaanza kuteremka, migomba na mashamba vinaachia msitu nafasi, hewa inakuwa nzito na yenye unyevu. Kamituga yenyewe iko chini kuliko Bukavu, mita elfu moja na kitu, na mchana kunakuwa na joto.

Kwa hiyo beba sweta ya njiani na nguo nyepesi za mjini. Aliyepanda nyuma ya lori bila koti huwa anajuta kabla hajafika Burhale.

Kwa nini unaitwa mji wa zamani wa mgodi, wakati watu bado wanachimba?

Kwa sababu mji ulizaliwa na kampuni, kampuni ikafa, mji ukabaki. Wabelgiji wa Minière des Grands Lacs, ambayo wazee bado wanaiita MGL, ndio waliofungua uchimbaji mkubwa wa dhahabu katika eneo hilo zama za ukoloni. Walijenga kambi za wafanyakazi, shule, hospitali, na mgodi wa chini ya ardhi wa Mobale. Mwaka 1976 kampuni kadhaa za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa moja, SOMINKI. Hiyo ndiyo kampuni ambayo watu wa umri wa miaka hamsini na kuendelea wanaikumbuka: mshahara, mgao wa chakula, king'ora cha zamu.

Miaka ya 1990 vita na kushuka kwa bei viliimaliza. Hisa zake zilinunuliwa na Banro, kampuni ya Kanada, na mwaka 1997 SOMINKI ikavunjwa. Banro ilikuja kujenga migodi yake Twangiza na Namoya, ila Kamituga haikujenga. Waliobaki ni wachimbaji wadogo, krezeri kama tunavyowaita, na ndio wanaoilisha Kamituga mpaka leo.

Wazee waliokuwa wafanyakazi wa SOMINKI bado wanadai malipo yao ya mwisho. Ukikutana na mzee anayehifadhi kadi yake ya kazi kwenye mfuko wa plastiki, mpe muda wako. Historia ya mji iko kwake kuliko kwenye jengo lolote.

Twangiza na Kamituga ni mahali pamoja?

Hapana. Zote ziko Mwenga na zote ni za dhahabu, ndiyo maana watu wanazichanganya. Twangiza iko Luhwindja, kwenye vilele virefu zaidi, na ndiko Banro ilikotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2011. Ukimwambia shofea "naenda kwenye mgodi wa Mwenga" unaweza kujikuta kwenye barabara nyingine kabisa. Taja jina la mji.

## Njia

Safari inachukua muda gani?

Kiangazi, kwa jipu zuri au pikipiki, unaondoka alfajiri na unaweza kulala Kamituga usiku huo huo. Wakati wa mvua usimpe mtu yeyote saa ya kufika. Malori ya mizigo hukaa njiani siku nyingi, mengine wiki nzima na zaidi, na abiria wake wanalala na kupika pembeni ya barabara.

Ushauri wetu kwa anayekwenda kwenye sherehe au mazishi: weka siku mbili za ziada kila upande, na usipange mkutano Bukavu asubuhi inayofuata kurudi kwako.

Miezi gani ni mizuri?

Juni, Julai na Agosti. Hapo mvua inapungua na udongo unakauka. Vumbi litakuwa jingi, jifunge kitambaa. Kuanzia Septemba mvua inarudi, na kuanzia hapo kila mteremko ni mtihani.

Nipande nini: jipu, lori au pikipiki?

Jipu la abiria ndilo linalofaa kwa wengi. Utabanwa, lakini utakaa ndani na mvua haitakunyeshea. Kiti cha mbele kinalipiwa zaidi, na kwa mzee au mjamzito pesa hiyo ina maana.

Lori ni rahisi kwa bei na ni refu kwa siku. Unakaa juu ya magunia ya unga na makreti ya bia. Likiinama kwenye korongo hakuna cha kukushika. Sisi hatulipendekezi kwa mtu mwenye mtoto.

Pikipiki inapita mahali gari linapokwama. Ni ya kasi kuliko vyote wakati wa mvua, na ndiyo inayovunja watu miguu kuliko vyote. Ukiichagua, chagua dereva ambaye ndugu zako wanamjua, mzigo mmoja wa mgongoni tu, na mkubaliane kabla ya kuondoka nani analipa bariere, yaani vizuizi vya barabarani.

Ni miji gani tunapita?

Mugogo, ambako kuna soko kubwa; Walungu; Burhale; kisha mteremko wa kuelekea Kilungutwe; halafu Mwenga-centre; mwisho Kamituga. Kula na ununue maji Mugogo au Walungu. Baada ya Burhale vibanda ni vichache, na ukifika Mwenga jioni sana ni bora ulale hapo kuliko kuendelea usiku.

Ukipita Kasika, nyamaza kidogo na uvue kofia. Agosti 1998 watu wengi sana waliuawa hapo, pamoja na mwami wao, yaani chifu wao wa jadi, na padri wao. Kwa abiria wengine garini huo ni msiba wa nyumbani kwao.

Kwa nini barabara ni mbaya namna hii, na nifanye nini gari likikwama?

Mvua ni nyingi, milima ni mikali, udongo ni mfinyanzi, na malori yanayopita yana uzito kuliko barabara inavyoweza. Mitaro ya pembeni ikiziba, maji yanageuza barabara yenyewe kuwa mtaro. Greda ikipita bila mitaro kuchimbwa upya, kazi yake inadumu mpaka mvua kubwa ya kwanza. Kila mkazi wa Mwenga anajua hili, na inauma kuona bei ya chumvi na sabuni Kamituga ikifuata hali ya matope.

Gari likikwama, shuka. Usibaki ndani kwa kuogopa kuchafuka. Mara nyingi utakuta vijana wa kijiji tayari wako hapo na majembe, nguzo na mbao. Wanachimba mbele ya magurudumu, wanatandika matawi, mmoja anaingia chini kabisa, tope mpaka kifuani, kutoa jiwe lililoshika ekseli. Kazi hiyo inalipwa. Shofea ndiye anayepatana nao, na wewe changia bila kelele. Viatu vya mpira ndivyo vitu vya maana kuliko vyote kwenye mzigo wako.

## Usalama na makaratasi

Njia iko salama kwa sasa?

Tangu waasi wa AFC/M23 walipoingia Bukavu katikati ya Februari 2025, barabara ya Walungu na Mwenga imeguswa na mapigano mara kadhaa, na watu wenye silaha walioko kijiji hiki si lazima wawe wale wa kijiji kinachofuata. Jibu la wiki iliyopita halikusaidii wiki hii. Kama safari yako ni ya kuona mji tu, iahirishe. Kamituga haitahama.

Kama huna budi kwenda, uliza watu watatu wasiojuana: shofea aliyepanda kutoka huko jana au juzi, ndugu yako aliyeko Kamituga, na mtu wa kanisa au wa shirika lenye kazi njiani. Wakikubaliana, unaweza kupanga. Mmoja akisita, subiri. Usisafiri usiku, usiwe gari la kwanza kupita asubuhi, na usizungumze siasa garini wala kwenye bariere.

Bariere ni nyingi? Nilipe?

Ni nyingi. Baadhi ni za huduma za serikali na zinatoa risiti, nyingine ni kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Mara nyingi shofea au konvayeri, msaidizi wake, anamalizana nao kwa ajili ya gari zima. Uliza kabla ya kupanda kama nauli yako inahusisha hayo. Kaa na noti ndogo ndogo za faranga mfukoni, mbali na pesa yako kubwa. Salimia kwanza, "jambo papa", "jambo mama", kisha ngoja uulizwe. Kutoa simu kwenye bariere, hata kwa kuangalia saa tu, kunaleta matatizo.

Nibebe makaratasi gani?

Mkongomani: kadi ya mpiga kura au pasipoti, na nakala yake. Anayekwenda kwa kazi: barua ya shirika inayosema unakwenda wapi, kwa nini na kwa siku ngapi, yenye mhuri. Bila mhuri, barua inatiliwa shaka.

Mgeni wa nchi nyingine anatakiwa kujionyesha kwa DGM, idara ya uhamiaji, mara anapofika. Hili linawahusu pia ndugu zetu wa Ubelgiji, Ufaransa au Kanada waliochukua uraia wa huko. Katiba ya Kongo haikubali uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mwenye pasipoti ya kigeni anahesabiwa mgeni na anahitaji visa, hata kama babu yake amezikwa Kamituga.

Naweza kupiga picha?

Sokoni, baada ya kuomba ruhusa kwa unayempiga, kwa kawaida ndiyo. Wanajeshi, bariere, madaraja na ofisi: hapana, hata kwa mbali. Machimbo yana masharti yake, angalia swali la "Naweza kutembelea machimbo?" hapo chini.

## Ukishafika

Nitalala wapi na kula nini?

Kuna nyumba za wageni mjini na vyumba kwenye nyumba za misheni. Uliza mambo mawili tu: kuna chandarua, na maji ya kuoga yanatoka wapi. Lakini kama una ndugu huko, lala kwa ndugu. Kulala gesti wakati shangazi yako ana nyumba ni tusi litakalokumbukwa.

Chakula ni bugali wa muhogo, sombe (majani ya muhogo) iliyopikwa kwa mawese, wali, ndizi, samaki wa kukaushwa, na nyama kwa mwenye pesa. Mawese ya kule ni mekundu na mapya, na sombe yake haina mfano. Nunua dumu moja la kurudi nalo. Bia inafika ila bei yake imebeba matope yote ya barabara. Kasiksi, pombe ya ndizi, ni ya bei nafuu. Inywe kwa mtu unayemjua.

Kuna umeme, simu na benki?

Simu zinashika sehemu kubwa ya mji. Umeme si wa kutegemea. Paneli ya jua au betri ya akiba ni ya lazima.

Benki usiitegemee. Beba pesa taslimu kiasi na uweke nyingine kwenye simu. Dola zinatumika kila mahali, mradi noti iwe safi. Tundu dogo la sindano, kona iliyochanika, maandishi ya kalamu, vyote vinatosha mtu kuikataa. Kagua noti zako moja moja kabla ya kuondoka Bukavu, maana kule hakuna wa kukubadilishia.

Lugha ni ipi?

Kiswahili chetu kinatosha kabisa. Nyumbani wengi wanaongea Kilega, na kwa kuwa dhahabu imevuta watu kutoka kila upande, utasikia pia Mashi, Kibembe na lugha nyingine. Kifaransa ni cha ofisini.

Kuna nini cha kuona?

Kambi za zamani za wafanyakazi, zilizopangwa safu kwa safu na sasa zimeongezewa vyumba vya mbao na mabati. Nyumba za wakubwa wa kampuni juu ya kilima, zenye bustani zilizokufa. Masalia ya majengo ya Mobale. Mito iliyogeuzwa rangi ya chai ya maziwa. Soko. Na watu wakiwa kazini, ambao si maonyesho.

Ukipenda utamaduni, uliza kwa heshima kuhusu Bwami, chama cha hekima cha Warega, ambacho wakoloni walikipiga marufuku. Sanamu zake ndogo za pembe na za mti ziko kwenye majumba makubwa ya makumbusho Ulaya na Marekani. Usitarajie kuonyeshwa chochote. Kusimuliwa methali mbili tatu na mzee wa huko ni bahati ya kutosha.

## Migodini

Naweza kutembelea machimbo?

Kwa ruhusa, ndiyo. Ruhusa inaanzia ofisi ya migodi na SAEMAPE, idara inayosimamia wachimbaji wadogo, kisha kwa viongozi wa koperativi, yaani ushirika wa wachimbaji, kisha kwa PDG, yaani bwana wa shimo. Cheo hicho kinachekesha wageni, lakini usicheke: yeye ndiye aliyeweka pesa, ndiye anayelisha timu miezi shimo linapokuwa halitoi kitu, na ndiye anayeitwa kifo kikitokea. Nenda na mtu wanayemjua. Mgeni anayejitokeza peke yake na kamera huchukuliwa kuwa mpelelezi au mnunuzi, na yote mawili yana hatari.

Naweza kushuka shimoni?

Usishuke. Mashimo yanafuata mshipa wa jiwe la kwatzi popote unapokwenda, mengine yanapita chini ya nyumba za watu, na mbao zinazoshikilia dari zinaoza. Hewa inapelekwa chini kwa mpira na kipulizo. Kikizimika, kila pumzi inahesabiwa. Tarehe 11 Septemba 2020, baada ya mvua kubwa, mashimo ya machimbo yanayoitwa Detroit yaliporomoka na watu wapatao 50 walikufa. Walikuwa wachimbaji wazoefu, wenye kujua kila kona. Mgeni anayetaka picha ya chini ya ardhi anawaweka hatarini wanaomwongoza.

Wanawake, kwa desturi ya machimbo mengi, hawaruhusiwi hata kukaribia mdomo wa shimo. Tunaona desturi hiyo inawanyima kina mama kipato kikubwa zaidi, lakini siku moja ya ziara si siku ya kuipinga pale mlangoni.

Mama watwangaji ni nani?

Ni wanawake wanaosaga jiwe kwa mkono. Jiwe likitoka shimoni linagawanywa, na sehemu yake inafika kwao kwa magunia au beseni. Mama anakaa chini, miguu kaifungua, kinu cha chuma katikati ya mapaja. Anatia vipande viwili vitatu, anafunika mdomo wa kinu kwa kitambaa chenye tundu la mchi ili chembe zisiruke, na anatwanga. Mchi ni wa chuma pia. Baada ya muda anachota unga, anaupitisha kwenye chekeche, kilichobaki juu kinarudi kinuni. Jioni nyusi, nywele na kope zote zimekuwa nyeupe.

Unga ule ni vumbi la jiwe, na mapafu hayausamehe. Kikohozi cha watwangaji kinajulikana mjini. Tangu mashine za kusaga zilipoingia, wengi wamepoteza kazi hiyo na kuhamia kwenye kubeba mawe au kuosha mchanga uliokwisha kusagwa, wakitafuta chembe iliyosahaulika. Usiseme kwao "afadhali mashine imewapumzisha". Kinu kile kilisomesha watoto, baadhi yao ni walimu na wauguzi Bukavu leo.

Ukitaka kuongea nao, ngoja mapumziko ya chakula, salimia mkubwa wao kwanza, na nunua kitu kwa kundi zima: sabuni, sukari, maji. Usimpe mmoja pesa mbele ya wengine.

Naweza kununua kidogo cha dhahabu kama ukumbusho?

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka mnunuzi awe na kadi ya biashara hiyo. Wewe huna. Kinachokusubiri ni kunyang'anywa njiani, na pengine kufungwa. Tena wageni ndio wanaouziwa shaba iliyosagwa.

Kutazama inavyopimwa ni jambo lingine, kama mwenye nyumba atakubali. Mnunuzi anamimina vumbi kwenye karatasi iliyokunjwa, anapitisha sumaku kuondoa chembe za chuma, anapuliza taratibu mno ili uchafu uruke na dhahabu ibaki. Kisha mizani midogo. Wengine bado wanahesabu kwa tola, karibu gramu 11.7. Mchimbaji amesimama mbele yake hapepesi macho. Kila mpulizo ni unga wa watoto wake.

Nimeombwa nipeleke zebaki kutoka mjini. Ni vibaya?

Usibebe. Zebaki inachanganywa na mchanga ili ishike dhahabu, halafu bonge linachomwa, na mvuke wake unaingia mwilini mwa aliyekaa karibu na moto, mara nyingi jikoni na mtoto mgongoni. Inaharibu mishipa ya fahamu na figo, na ikifika mtoni inaingia kwa samaki. Ukiona mtu anachoma, usisimame upande moshi unakoelekea, na usikubali chai inayopikwa kwenye jiko hilo hilo.

## Afya

Nijiandae vipi?

Malaria ndiyo ya kwanza. Chandarua, dawa ya kujikinga kama daktari wako ameshauri, na ukipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi, kapime. Maji ya kunywa yachemshwe. Ya mtoni usiyaguse, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la zebaki. Beba dawa zako za kila siku za kutosha siku za safari mara mbili, maana barabara inaweza kufunga.

Ni kweli mpox ilianzia Kamituga?

Aina mpya ya mpox, inayoitwa Ib, iligunduliwa Kamituga baada ya wagonjwa kuanza kuonekana mwishoni mwa 2023, na ilisambaa hadi Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Ugonjwa unaambukizwa kwa kugusana kwa karibu, pamoja na tendo la ndoa na nguo au mashuka ya mgonjwa. Osha mikono, lala kwenye mashuka yako, na ukiona vipele vyenye usaha nenda hospitali mapema.

Lakini usimkimbie mtu kwa sababu anatoka Kamituga. Wauguzi na madaktari wa huko ndio waliogundua kuwa kuna kitu kisicho cha kawaida na kutoa taarifa, nao walikuwa na vifaa vichache mno. Dunia ilipata muda wa kujiandaa kwa sababu yao.

## Hali za pekee

Naenda kwenye msiba. Nifanye nini?

Piga simu kabla ya kuondoka ujue kama mazishi yatasubiri. Mara nyingi hayasubiri, kwa sababu ya joto na barabara. Ukichelewa, nenda matanga hata hivyo. Peleka mchango wako kwa anayeandika daftari, jina lako litajwe. Kama familia inataka kuuleta mwili Bukavu, kwanza cheti cha hospitali, kisha ruhusa ya serikali ya mji, kisha gari linalokubali kubeba mwili peke yake. Usikubali kuuweka juu ya lori la mizigo kwa ahadi ya "kesho tutafika" (angalia muda wa safari hapo juu).

Ndugu yangu alienda kuchimba miaka mingi iliyopita na hajulikani alipo. Nianzie wapi?

Anza kwa jina la utani. Machimboni wengi hawaitwi majina ya vyeti, na kuuliza kwa jina la ubatizo hakutakufikisha popote. Beba picha yake ya zamani na ujue kijiji alichotoka.

Nenda kwanza kwa watu wa kabila au kijiji chenu waliopo mjini. Wana umoja wao, na wanajua nani alifika mwaka gani. Kisha koperativi na mabwana wa mashimo: machimbo aliyowahi kufanya kazi yana watu wanaokumbuka timu yake. Kisha hospitali kuu, na parokia, kwa daftari la ubatizo wa watoto, maana wengi waliopotea wameoa huko. Msalaba Mwekundu nao una huduma ya kutafuta ndugu waliotenganishwa na vita. Andikisha kesi yako Bukavu kabla ya kuondoka.

Uliza pia Lugushwa, Kitutu na Shabunda. Krezeri anafuata dhahabu. Ikisikika mahali, anahama usiku mmoja.

Na ukimkuta hai, usianze kwa kumuuliza kwa nini hakupiga simu. Wengi walinyamaza kwa aibu ya kurudi mikono mitupu. Kaa naye, kuleni, mpe habari za mama yake. Uamuzi wa kurudi ni wake, na mara nyingi ana mke na watoto ambao nao ni wenu sasa.

Mtoto wa kwetu ametoroka shule, wanasema yuko machimboni. Nimfuate?

Ndiyo, na haraka, kabla hajazoea pesa ya kila siku. Sheria inakataza mtoto kufanya kazi migodini, kwa hiyo bwana wa shimo hana haki ya kumzuia, hata akidai amemlisha. Nenda na mtu wa idara ya mambo ya jamii au wa kanisa, ongea kwa utulivu, lipa deni la chakula kama ni dogo na umchukue. Usiende na askari isipokuwa mtoto anashikiliwa kwa nguvu. Watamficha kabla hujafika. Kisha ada ya shule iwe tayari mkononi mkifika nyumbani, kwa kuwa mara nyingi hiyo ndiyo iliyomfukuza.